Mayu, Nyumba Yako Hawakuivunja

Mayu,

Nyumba yako hawakuivunja. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata hujaitikia shikamoo yangu. Shikamoo, mayu, mama yangu. Mabati yote yapo juu, ukuta wa upande wa zizi nimeukandika upya, na mlango wa mbele unafunguka kama ulivyouacha. Kaka Kulwa alikuja wiki ya tatu baada ya kukuzika, mtaimbo begani na wanaume wawili nyuma yake. Alitaka mabati na matofali. Akasema, "Shija, mwenye nyumba hayupo. Nyumba ya nini?" Nikachukua kigoda nikakaa mlangoni. Sikumtukana. Nilimwambia tu kwamba akitaka kubomoa aanzie hapa nilipokaa. Tulitazamana mpaka ng'ombe wakarudi kutoka kunywa maji. Wale wanaume wawili ndio walioona aibu kwanza, wakaondoka, naye akawafuata.

Ni miezi saba sasa. Najua ungependa nikuandikie Kisukuma, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili tu, tena kwa viboko. Nakuandikia kwenye daftari la mjukuu wako Kabula, kwa sababu kuna mambo yalitendeka ukiwa huna fahamu nayo, na mengine yametokea baada yako, na watu wa hapa Nyarubungo wameanza kuyasimulia vibaya. Wanasema nilikutesa. Wanasema mzee akishapooza hana kazi nyingine ila kumsubiri Mungu. Mimi nakataa, na nataka kukataa kwangu kuandikwe mahali.

Siku ile ulianguka zizini, asubuhi, ukikamua. Mke wangu Leah ndiye aliyekuta maziwa yamemwagika na wewe umelala ubavu kwenye samadi, mdomo umekwenda upande. Alikuwa amejifungua wiki mbili tu, akapiga yowe mpaka nikamsikia kutoka shambani. Tulikubeba mimi na kaka Doto. Mkono wako wa kulia ulining'inia kama wa mtu mwingine.

Usichokijua ni kilichofuata. Kulwa alimleta mganga, akakuchanja chale begani na gotini, akasema umetupiwa kitu, na kwamba kitu chenyewe kimeshazeeka mwilini, hakitoki. Baada ya hapo wakakuweka chumba cha ndani. Wiki tatu, mayu. Watu walikuja kutujulia hali, wakakaa uani, wakanywa uji, wakarudi makwao. Shangazi alisema, "Amekula chumvi ya kutosha, mwacheni apumzike." Alisema hivyo akiwa amesimama kando ya kitanda chako, kana kwamba umeziba masikio. Nilikutazama. Jicho lako la kushoto lilikuwa linatoka machozi.

Siku iliyofuata nilimkuta Doto anahesabu hatua za shamba lako kutoka ukingo wa mtaro hadi kwenye miti ya mikaratusi. Nilimuuliza anapima nini. Akasema anapima tu.

Nikaingia kwako. Ulikuwa umeanza kunuka, nisamehe kulisema, kidonda cha kiunoni kilikuwa kimefunguka na hakuna aliyekuwa anakugeuza. Nikakaa, nikaweka kidole changu kwenye kiganja chako cha kushoto. Ukakibana. Ukakibana kwa nguvu kama unavyobana chuchu ya ng'ombe mgumu. Mtu anayesubiri kufa habani hivyo.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniambia kwamba upande wa Ngara kuna hospitali inayopokea wazee na watu waliopooza, si kwa kuwalaza wafe, bali kwa kuwafundisha upya kukaa, kula, kusema, kutembea. Sikumwamini. Nilidhani kutembea hufundishwa watoto tu. Lakini nilikwenda kumwambia Kulwa, kwa kuwa ndiye mkubwa. Aliniuliza jambo moja, "Nani atamwogesha huko?" Dada hatuna, wake za Kulwa na Doto walikataa, Leah ana kichanga. Nikasema mimi. Akatema mate chini. "Mwanaume amwogeshe mama yake mzazi? Utatuletea laana ukoo mzima."

Leah alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Alisubiri mpaka tulipofika ndani. Akasema, "Nenda. Laana ikija itanikuta mimi nyumbani, nitaipokea."

Tukakulaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Njia nzima nilishika kichwa chako kisigonge.

Ile hospitali unaikumbuka, lakini siku ya kwanza hukuiona. Iko kwenye mteremko, migomba kila upande, majengo ya chini yasiyo na ngazi hata moja. Kila mahali pamesawazishwa pakawa mwinamo ili kiti cha magurudumu kipite, na ukutani kuna mabomba ya kushikia kutoka wodini hadi chooni. Barazani walikaa wazee wengi, mmoja anafunga na kufungua vifungo vya shati, mwingine anahamisha maharage kutoka bakuli hadi bakuli kwa mkono unaotetemeka. Nilidhani wamerukwa na akili. Kumbe walikuwa kazini.

Akaja mama mmoja mfupi, Mhangaza, mikono mipana kama ya mtwanga nafaka. Ni Dada Editha, mtaalamu wa viungo. Alinipita mimi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wako, akasema, "Shikamoo, mama." Akangoja. Akangoja kweli, kama mtu anayejua jibu lipo njiani. Ukatoa sauti, haikuwa neno, naye akasema, "Ahsante, mama." Ndipo akanigeukia.

Mayu, nilipata aibu ya kuniua. Wiki tatu nyumbani kwako hakuna mtu aliyekuamkia. Hata mimi. Watu walinisalimia mimi juu ya kichwa chako.

Kisha akaniuliza, "Mama anapenda kufanya nini?" Nikasema anapenda kupumzika, ni mzee. Akanitazama. Akasema, "Sikuuliza kama ni mzee." Nikafikiri. Nikasema anapenda kukamua, kukata viazi vya michembe, vile vipande vya kukausha juani, kuimba wakati wa kulima, kugombeza watu. Akayaandika yote, hata la kugombeza.

Kukuogesha alinifundisha yeye. "Mfunike shuka. Osha kipande, kausha, funika, nenda kipande kingine. Na mwambie kabla hujamgusa." Mara ya kwanza nilifumba macho kwa aibu, nikamwaga beseni zima sakafuni, tena nikakusugua pua kwa kitambaa chenye sabuni. Ukaninyang'anya kitambaa kwa mkono wa kushoto, ukanipiga nacho usoni. Wodi nzima ya wanawake ilicheka. Kuanzia siku hiyo sehemu za mbele ulijiogesha mwenyewe, mimi nikabaki na mgongo na miguu. Hicho ndicho wanachokiita laana hapa kijijini. Mgongo wa mama yangu na ndoo ya maji ya vuguvugu.

Nilikugeuza kila baada ya saa mbili, kama walivyoagiza. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, kisha kikaanza kufunga. Nilikula kwenye jiko la wanaouguza wagonjwa, mwanaume peke yangu katikati ya wanawake. Mwanzoni walinyamaza nikiingia. Baadaye wakanipa kazi ya kupasua kuni, na kazi ikawa lugha.

Kitanda cha pili alikuwepo Bibi Skolastika wa Ntobeye, aliyevunjika nyonga akivuna kahawa. Rozari shingoni mchana kutwa. Wewe hukubatizwa, naye hakukuuliza. Alichokuuliza kila siku baada ya chakula ni kwa nini umelala. "Minza, usirare mchana," alikuwa anasema, Kiswahili chake chote kimejaa r. "Ukirara mchana utazikwa na jua." Ulikuwa humjibu, lakini nilikuona unafungua macho kwa hasira, na hasira yako ilikuwa nusu ya dawa.

Maneno ndiyo yaliyochelewa. Ulijua unachotaka kusema, kikafika mdomoni kikageuka mlio. Ulipiga kitanda kwa ngumi. Dada Editha akaniambia nikuimbie nyimbo zako, akisema mara nyingine wimbo una njia yake kichwani isiyopita kwenye njia ya maneno. Mimi siimbi, unajua. Nilianza ule wimbo wa kulima mliokuwa mnaimba mkikodiwa kwa zamu, nikaukosea mstari wa pili. Ukavumilia. Nikaukosea tena. Ndipo ukanikatiza, ukauimba wewe, maneno yote, mpaka mwisho, sauti imepasuka lakini maneno mazima. Bibi Skolastika aliweka rozari chini. Mimi nilitoka nje.

Siku mbili baadaye ulisema neno lako la kwanza lisilo la wimbo. Nilikuwa nakulisha maharage. Ukaondoa kijiko, ukasema, "Chumvi." Nilidhani sijasikia. "Hayana chumvi." Nilikimbia jikoni kuwaambia wale wanawake, na mpishi akakasirika kweli, akasema hospitali ni hospitali, chumvi ni kidogo kwa wenye presha. Nilikuja kukueleza, ukageukia ukuta. Tangu hapo ulikula maharage ya hospitali kama mtu anayetumikia kifungo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwezi wa pili, ulipokuwa unasimama kwenye vile vyuma viwili vya kushikia, mguu wa kulia ulikataa. Siku nne mfululizo ulikataa. Siku ya tano ulisukuma ile fremu ya kutembelea, ile uliyoiita mbuzi, ikaanguka, ukasema, "Nirudishe nyumbani." Nilikuwa sijalala vizuri, nilikuwa nimepata habari Leah anaumwa homa peke yake na watoto. Nikakuambia, "Basi kaa hivyo hivyo mpaka ufe." Nilikwambia hivyo, mayu. Kwa mdomo huu. Nikaondoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia kama nimefiwa.

Niliporudi nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini. Bibi Skolastika alikuwa amekushika mkono kutoka kitandani kwake, ajuza anamshikilia ajuza. Hukunitazama. Ulisema, "Leta mbuzi." Hatukulizungumza tena. Hukuwahi kuniambia umenisamehe, na mimi sikuwahi kuomba. Nasema leo. Nisamehe, mayu. Ile haikuwa kauli yangu, ilikuwa uchovu uliovaa sauti yangu.

Ulitembea hatua tano. Kisha ukafika mlangoni. Kisha ukafika kwenye jiko la mafunzo, lile lenye mafiga yaliyoinuliwa kiunoni ili mtu apike bila kuinama, na ukakata kiazi kwa mkono wa kushoto huku kimekazwa kwenye ubao wenye msumari. Vipande vilikuwa vinene, vibaya. Ukavitazama kwa dharau, ukachukua kiazi kingine.

Kabla hawajakuruhusu, Dada Editha alikuja hadi Nyarubungo na gari la hospitali kuangalia nyumba yako. Alipima upana wa mlango kwa futi kamba, akaniambia nivunje kizingiti. Akaingia chooni, akatoka, akaniambia nitengeneze kiti chenye tundu na nichimbie nguzo ya kushika. Kulwa alitukuta mimi na Leah tunachonga kile kiti. Aliuliza ni cha nani. Nikasema ni cha mama, anarudi Jumamosi. Uso wake ulibadilika, na siyo kwa furaha.

Hiki ndicho usichokijua. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa mwezi uliofuata. Aliposikia unarudi akakivuta kikawa Jumapili ile, kwake. Nia ilikuwa kumaliza kugawana mali yako kabla hujazoea hewa ya nyumbani. Doto alikuja kuniambia kwa siri Jumamosi jioni, hawezi kunitazama machoni. Sikutaka kukwambia. Nilisema umechoka na safari. Lakini Leah alikwambia asubuhi, wakati anakufunga kitenge, na wewe ukasema kwa Kisukuma neno moja tu, "Twende."

Kutoka kwako hadi kwa Kulwa ni upana wa shamba la pamba. Mtu mzima anavuka kabla jasho halijamtoka. Wewe ulivuka tangu jua la asubuhi mpaka likawa kichwani. Mbuzi mbele, mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia unauburuta. Leah nyuma na kiti. Kila tulipokuambia ukae, ulisema, "Bado." Wanawake waliokuwa kisimani waliacha ndoo wakaja kusimama kando ya njia.

Walikuwa wamekaa duara chini ya kibanda, wajomba, shangazi, Kulwa amesimama anazungumza. Alikuona akanyamaza katikati ya neno. Ukaingia ndani ya duara. Ukasimama mpaka pumzi ikatulia. Ukauliza, "Mnagawa nini?"

Ndipo mjomba mkubwa akainuka, akasema, "Mwangaluka, Minza." Na mmoja baada ya mwingine wakaanza kukuamkia, hata shangazi, hata Kulwa mwisho. Ukaitikia kila mmoja. Ulichukua muda wako. Kisha ukamwambia Doto akuletee maji, ukanywa, ukakaa kwenye kiti cha Leah kwa mara ya kwanza, ukasema maneno ambayo mpaka leo watoto wa kijiji hiki wanayatania.

"Nikifa mtaambiwa."

Kikao kikaisha.

Uliishi mwaka mmoja na miezi mitano baada ya hapo. Wanaposema nilikuhangaisha bure nawahesabia siku hizo. Ulimfundisha Kabula kukamua, umekaa kando na fimbo unamwonyesha. Ulikausha michembe misimu miwili. Ulimkorofisha mpishi wa hospitali kila tuliporudi kliniki, ukimwuliza kama chumvi imefika. Wewe na Bibi Skolastika mlikuwa mnapanga tarehe zenu zifanane, mkakaa barazani mkisemana kwa lugha tatu. Ulimshika mtoto wetu wa mwisho akijifunza kusimama, naye anashika mbuzi upande wake na wewe upande wako. Je, hayo ni bure? Basi mimi napenda vya bure.

Na ulikufa asubuhi, jua limetoka, umekaa nje unachambua maharage. Pigo la pili la kiharusi. Leah alisema uliweka ungo chini vizuri, halafu ukaegemea. Hukumwaga hata punje.

Pale kaburini Kulwa alipewa nafasi ya kusema, kama mkubwa. Alisema mama amehangaika sana, na kwamba kama angeachwa apumzike tangu mwanzo asingepata mateso ya hospitali. Watu wakamwitikia kwa vichwa. Sikupangiwa kusema. Nikasimama. Nilisema, "Mama hakuhangaishwa. Mama alifanya kazi. Kusimama ilikuwa kazi, kusema ilikuwa kazi, kuja kwenye kikao chenu ilikuwa kazi, na kazi zote alizimaliza." Nikakaa. Kulwa hajaniongelesha tangu siku ile isipokuwa ile ya mtaimbo. Watu wananiambia nimsamehe kwa kuwa ni ndugu. Labda siku moja. Leo sijamsamehe, na wewe ukiwa huko usiniharakishe.

Doto amebadilika. Hasemi, lakini baada ya habari ya mtaimbo alikuja na misumari na magogo mawili ya mkaratusi yaliyonyooka. Aliniuliza, "Vile vyuma vya hospitali vilikuwa na urefu gani?" Tukachimbia nguzo sebuleni kwako, tukapigilia magogo mawili sambamba, tukayapiga msasa mpaka yakateleza kama mpini wa jembe uliozeeka. Kwa sababu Dada Editha aliniita, mayu. Hospitali inafundisha watu wanaouguza nyumbani, na akasema anataka niwe mmoja wa wanaofundisha wenzao, mimi niliyekumwagia beseni. Nilisoma wiki kadhaa. Namna ya kumwinua mtu bila kumvunja bega. Namna ya kumlisha asipaliwe. Namna ya kujua mzee anayesahau majina ya wanawe anaumwa nini, na siyo kwamba anafanya ukaidi. Kila Alhamisi sasa wanakuja kwenye nyumba yako. Leo walikuwa wanne. Mmoja ni mwanamke wa Kizinza aliyeletwa kwenye baiskeli na mumewe, na alisimama kwenye magogo yale kwa muda wa kuhesabu kumi na nane. Mumewe ndiye aliyekuwa anahesabu.

Wananiita "mke wa mama." Kilabuni wananiimba. Zamani ningepigana. Siku hizi nawajibu kwamba wakiugua wataniita jina zuri zaidi.

Bibi Skolastika alikuja kukuona mwezi uliopita. Kijana wake alimleta kutoka Ntobeye, naye sasa anatembea kwa fimbo moja. Alikataa kushikwa. Alifika kaburini, akainama kidogo kidogo mpaka kiganja chake kikagusa udongo, akasali Kihangaza muda mrefu. Kisha akakuambia jambo ambalo sikulielewa, akacheka peke yake. Nilipomuuliza alisema, "Hiro ni ra kwetu wawiri." Sikuuliza tena. Alikula michembe ya mwisho uliyoikata wewe. Nilikuwa nimeihifadhi, sikujua naihifadhia nani.

Siyo kwamba nina nguvu kila siku. Wiki iliyopita nilikunja shuka lako lile la hospitali, nikakaa nalo kitandani, nikashindwa kuinuka mpaka Leah akaja kuniita kula. Kuna saa nakutafuta. Naingia uani na habari mdomoni, natafuta nani wa kumpa. Ndiyo maana nimeandika hii.

Na habari yenyewe ni hii. Kuna mzee Ndaki, ng'ambo ya bonde, yule aliyekuwa anakuletea mbegu za pamba. Amepooza tangu msimu wa palizi. Wanawe wamemhamishia kwenye banda la kuwekea mahindi, wanasema chumba kinanuka. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia amelala. Mara ya pili mkubwa wao alitoka na panga, hakuliinua, alilishika tu, akasema mambo ya baba yao hayanihusu na nisikanyage tena pale. Nilimsikia mzee ndani. Alikuwa anagonga ukuta. Taratibu, kwa mkono mmoja.

Nimezungumza na mwenyekiti wa kitongoji, atanisindikiza. Dada Editha amesema gari litakuwa barabarani tangu asubuhi. Leah ameshatandika godoro juani likauke vizuri. Ananiogopea, lakini hajaniambia nisiende.

Wabeja, mayu. Ahsante kwa kunibana kidole. Nakuaga kwa leo, na ahadi yangu kwako si ya maua wala ya kuta za marumaru. Nakuahidi kwamba katika kijiji hiki, maadamu nina miguu, hakuna mzee atakayegonga ukuta mimi nikajifanya sisikii.

Kesho asubuhi nitabisha hodi kwa Ndaki. Wasipofungua, nitabisha tena. Na mlango ukifunguka, kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote, nitakwenda mpaka kwenye lile banda, nitainama, nitasema shikamoo, na nitangoja.

Mwanao,
Shija